Uzi: Pa kulaza gari Mombasa kwa bei nafuu ukiwa unaishi ndani yake

FundiFriji (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wadau. Nimeulizwa jambo hili faraghani mara nyingi, nikaona heri niliandike hapa, mwenye haja asome na mwenye kujua zaidi aongeze.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Kazi zangu zimetawanyika: leo Mtwapa, kesho Ganjoni, keshokutwa nyumba za kupangisha Shanzu. Huu ni mwaka wa tatu naishi ndani ya Hiace kuukuu iliyokuwa matatu. Niling'oa viti, nikapiga kitanda cha mbao, chini yake nikaweka masanduku ya vifaa na mitungi ya gesi ya kujazia friji. Awali nilikuwa nimepanga chumba Mikindani. Chumba nilikiona usiku tu, na hata huo usiku nilikuwa naamka mara tatu kuchungulia gari, maana riziki yangu yote ilikuwa humo.

Kulala garini kunazoeleka. Kazi ni kujua gari lenyewe litalala wapi.

Miezi mitano ya kwanza nilihamahama kila usiku. Leo petroli stesheni, kesho kando ya ukuta wa shule, siku ya tatu karibu na ufuo wa Bamburi. Niliamini naokoa pesa. Siku nilipokaa nikapiga hesabu, mia ya mlinzi huyu, mia mbili ya yule, mafuta ya kuzunguka saa nne za usiku nikitafuta pembe iliyotulia, ada za mchana kisiwani, na siku ile moja nilipopitiwa bila kulipa ada nikakuta gurudumu limefungwa chuma, ule mwezi pekee ulikuwa umenila zaidi ya elfu saba. Usingizi wenyewe sikuupata. Mtu akigonga kioo saa nane za usiku, hata kama ana nia njema, hulali tena.

Sasa nalipa elfu tatu mia tano kwa mwezi, mahali pamoja, geti linafungwa, na maji ya kisima nachota bila malipo.

Kilichonibadilishia mambo ni neno. Nilikuwa naenda kwa watu nikiuliza "pakingi". Ukisema pakingi, mwenye uwanja anafikiria mjini, anafikiria bei ya saa, anakupigia hesabu ya juu. Siku moja makanga mmoja akaniambia, "Kaka, wewe sema unatafuta pa kulaza gari." Matatu zote za mji huu zinalala mahali. Haziachwi barabarani. Kuna viwanja, ua za watu, nyuma ya gereji, sehemu za kuoshea magari zisizo na kazi usiku, na kila pahali pana mlinzi ambaye analipwa tayari. Gari moja likiongezeka, kwa mwenye uwanja hiyo ni pesa isiyomtoa jasho. Kwa hiyo nenda steji ya mwisho ya njia unayoitaka, saa tatu au saa nne za usiku, uwaulize makanga wanalaza wapi. Kwa nusu saa utakuwa na majina ya sehemu nne.

La pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri: sema ukweli siku ya kwanza. "Gari linalala, na mimi nalala ndani." Mwanzoni nilikuwa naficha. Nililipia gari tu, nikawa najifanya naondoka, kisha narudi kimyakimya. Mlinzi akija kugundua anaona umemdanganya, na huo uongo wako ataulipia yeye kwa tajiri wake. Sehemu moja nilifukuzwa usiku wa mvua kwa sababu hiyo, na mlinzi hakuwa na kosa.

Ukishapata, jitambulishe kwa mzee wa mtaa na kwa mtu wa Nyumba Kumi. Peleka nakala ya kitambulisho, waeleze kazi yako, wape namba ya simu. Mji huu umepitia mengi ya usalama, na vani yenye vioo vya giza ikikaa wiki mbili pasipojulikana mwenyewe, watu wana haki ya kuuliza. Mimi nilikunywa chai kwa mzee wa mtaa robo saa, na tangu siku hiyo hakuna aliyenigongea.

Sasa sehemu, kwa nilivyoziona mwenyewe.

Kisiwani, kwa ufupi: usihangaike. Mji wa Kale njia ni nyembamba, Majengo na Makupa hakuna nafasi, na barabara za katikati ya mji mchana ni za kulipia. Ile ada inakupa nafasi ya kusimamisha gari tu. Haikupi ruhusa ya kulala, wala haimpi mtu yeyote jukumu la kulilinda. Mama Ngina pana upepo mzuri na mibuyu ya kupendeza, nenda jioni ukale mihogo, lakini usilale. Ikulu iko hapo karibu na doria hazikatiki.

Changamwe, Jomvu, Miritini: huku ndiko bei iko chini, kwa sababu viwanja vya matrela ni vingi kuanzia hapo mpaka Mariakani. Uzuri wake hasa si bei. Madereva na mataniboi wanalala kwenye kabini miaka yote, kwa hiyo hakuna anayeshangaa mtu kulala ndani ya gari. Choo kipo, bafu lipo, mama ntilie yupo getini kabla ya alfajiri. Ubaya ni vumbi, moshi wa dizeli na kelele za breki za upepo kuanzia saa tisa za usiku. Na masika udongo wa huku unashika matope vibaya sana. Mimi nilikwama siku mbili mwezi wa Mei, ikabidi trela linivute. Kama uwanja haujamwagwa kokoto, usilipe mwezi mzima kabla ya kuuona siku ya mvua.

Kaskazini, yaani Kongowea mpaka Shanzu, ndiko ninakokaa. Kongowea penyewe pasahau, malori ya kabichi na nyanya yanashusha usiku kucha. Nyali ni mageti na walinzi wa kampuni, hawataki kusikia. Lakini ukivuka barabara kuu ya Malindi ukaingia upande wa ndani, Mtopanga, Kiembeni, Utange, kuna viwanja vingi vimezungushiwa ukuta na havijajengwa. Mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo, anamlipa mlinzi kila mwezi alinde mchanga na matofali. Hapo ndipo pa kuongea. Mimi nipo kwenye kimojawapo, chini ya muarobaini.

Nawakaribisha muongeze.

Ngambo_Likoni

Shukran kaka. Umesahau sisi wa kusini. Likoni mpaka Ng'ombeni ua za watu ni kubwa na bei ni ya kuongea. Mimi nalipia elfu mbili na nusu kwa mwezi nyuma ya nyumba ya bi mkubwa mmoja, pamoja na umeme wa kuchaji simu na feni.

Ila mtu aelewe hesabu ya feri. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, gari linalipa kila safari. Mimi kazi yangu iko dukani mjini, sihitaji gari mchana. Kwa hiyo gari halitoki, navuka kwa miguu asubuhi na jioni, na siku nyingi nafika kabla ya wenye magari waliokaa foleni. Lakini fundi kama wewe, mwenye vifaa garini, ukilaza Likoni ukafanya kazi Nyali, feri itakumaliza. Na ukisema upitie Dongo Kundu kukwepa feri, barabara ni nzuri kweli, lakini inakuzungusha mpaka Miritini. Mafuta hayo ni kodi ya chumba.

FundiFriji

Kweli kabisa. Uamuzi wa kwanza ni huo: je, gari lako linatoka kila siku au halitoki? Lisilotoka litafutie bei. Linalotoka litafutie ukaribu na kazi, hata kwa kuongeza elfu moja.

DadaUtange

Mimi ni mwanamke, naishi kwenye vani ndogo na binti yangu wa miaka tisa. Mambo ya viwanja vya matrela sitayafuata, kaka, hata iwe bure. Sisemi madereva ni wabaya. Nasema choo cha wanaume arubaini usiku na mtoto wa kike, hapana.

Nimeomba sehemu nyingi na nimekataliwa nyingi, kwa hiyo najua. Kilichonifaa ni kutafuta nyumba yenye mama ndani. Nilianza na kina mama wa msikitini, nikawaeleza hali yangu bila kuficha, nikasema nina gari, nina mtoto, nataka ua wenye geti na choo, nitalipa. Wiki ya pili nikaitwa na mama mmoja mjane hapa Utange. Watoto wake wameolewa na wengine wako Oman, anakaa peke yake usiku. Nalipa elfu nne, na nilimwambia nitakuwa namsaidia kuchota maji. Yeye alichokuwa anakitaka zaidi ni mtu wa karibu usiku. Leo binti yangu anamwita nyanya.

Dada yeyote anayesoma hapa, angalia vitu vitatu kabla ya bei. Choo kina mlango unaofungwa kwa ndani? Ufunguo wa geti unao wewe au unasubiri kufunguliwa? Na ukipiga kelele usiku, ni nani anayesikia? Mimi nililala kwanza usiku mmoja kwa majaribio, nikalipia usiku huo, ndipo nikakubali mwezi.

FundiFriji

Dada, nashukuru sana kwa hili. Ningeliandika mimi nisingelijua hata kuliuliza. Naomba kila anayefungua uzi huu asome jibu lako kabla ya langu.

MzeeMajengo

Vijana, nimewasoma. Hayo ya viwanja vitupu ni mazuri lakini mnaingia kwenye jambo zito la pwani yetu bila kulitaja. Huku ardhi ina majeraha. Watu wamekaa maskwota vizazi na vizazi, na wenye hati wengine hawajawahi kukanyaga. Sheria ya Kenya inasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenziwe waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kudai kuwa ni yake. Kwa hiyo mwenye kiwanja akisikia kuna mtu "anaishi" kwenye plot yake, hofu inamwingia, na mlinzi wake anafutwa.

Dawa yake ni karatasi. Andikeni kwamba gari namba fulani linalazwa hapo kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa malipo ya mwezi, na kwamba hakuna kitakachojengwa, si kibanda wala choo. Maadamu uko kwa ruhusa, huwezi kudai, na yeye akilijua hilo roho yake inatulia. Nimewaona watu wakipunguziwa bei baada ya kuandika vile.

Pili, hakikisheni mnamlipa mwenye haki ya kupokea. Mlinzi au msimamizi huweza kukukodisha plot ya tajiri bila tajiri kujua. Na hapa Mombasa tuna nyumba bila ardhi: mtu ana nyumba yake halali, ila udongo iliyosimamia ni wa mwingine. Huyo anaweza kukukaribisha uani, kisha mwenye ardhi akaja na neno lake. Muulize tu kwa adabu, "Ami, ua huu ni wa nyumba hii?" Mwungwana atakueleza.

FundiFriji

Ami, shikamoo. Hilo la karatasi nililifanya bila kujua uzito wake. Mlinzi aliponionyesha kiwanja nilimwomba namba ya mwenyewe, nikampigia nikiwa nimesimama hapo hapo. Alikuwa Nairobi. Mwanzo alikataa. Nikamwambia nitamtumia picha ya gari, kitambulisho, na namba ya mzee wa mtaa. Siku ya tatu akanipigia yeye. Aliniambia matofali yake yalikuwa yanapungua kila mwezi na mlinzi anasema hajaona mtu. Tangu niingie hayajapungua. Sisemi mlinzi alikuwa anaiba. Kukiwa na taa inayowaka ndani ya kiwanja, mwizi anapita mbali.

Karatasi yetu ni ukurasa mmoja: namba ya gari, kiasi, tarehe ya kulipa, notisi ya wiki mbili kwa kila upande, na mahali pa kumwaga maji machafu. Nalipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mwenyewe, kwa hiyo risiti ziko kwenye simu zetu wote wawili. Mlinzi nampa chake kando, mia tano kwa mwezi, na mwenyewe anajua.

Mgeni_wa_Bara

Habari zenu. Mimi natoka Nakuru, nahamia Mombasa mwezi ujao na vani yangu. Nimesoma kwamba Marekani sehemu nyingi za ardhi ya umma mtu anakaa bure mpaka siku 14, na kwamba Walmart nyingine zinaruhusu magari kulala uwanjani. Hapa hakuna supamaketi au ufuo wa umma wa namna hiyo? Na joto mnalivumiliaje? Nilifikiria kuwasha injini nitumie AC ya gari usiku.

FundiFriji

Karibu Mombasa. La AC nalijibu kwanza kwa sababu ni la uhai, na AC ndiyo kazi yangu: USILALE INJINI IKIWAKA. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyonusika, na gari likiwa karibu na ukuta au kwenye banda, inarudi ndani. Jiko la makaa ndani ya vani ni vivyo hivyo, hata kama umeacha kioo kimoja wazi. Mimi natumia meko ya kilo sita, na napikia nje, mlango ukiwa wazi. Mtungi nauzima kwenye koki kabla ya kulala.

Joto linashindwa kwa mahali, ndiyo maana linaingia kwenye habari ya kulaza gari. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndiyo miezi migumu. Kiwanja kilichozungukwa na maghorofa pande zote hakivuti upepo, hata bei ikiwa nusu utalala umelowa. Tafuta penye kivuli cha mchana na upepo wa usiku. Muarobaini ni mzuri, mkungu ni mzuri. Mwembe utakupa kivuli lakini msimu wake utapondwa bati na utomvu utakula rangi. Chini ya mnazi usilaze hata usiku mmoja. Nimeona nazi ikipasua kioo cha mbele, na huyo mtu angekuwa amekaa hapo sijui ingekuwaje. Mlango wa ubavuni uuelekeze unakotoka upepo, na upepo ukigeuka kusi ugeuze gari. Vioo wazi, chandarua ndani. Mbu wa huku si wa malaria peke yake, dengi ipo pia, na mbu wake anauma mchana.

Feni ndogo ya volti 12 na betri ya pili, tofauti na ya kuwashia gari, inatosha.

Ufuo: pale Pirates mchana utapata nafasi, na utapata watu wanaouza maji matamu ya kujimwagia baada ya bahari. Kulala, hapana. Na hata kama pangeruhusiwa, mimi ningekukataza. Chumvi ya bahari inakula bodi. Niliegesha karibu na maji wiki chache tu, na bawaba za mlango wa nyuma zikaanza kutu. Kaa nyuma ya barabara kuu, ufuo utautembelea.

Supamaketi hapa ni mali ya mtu ndani ya jengo la mtu mwingine, na usiku geti linafungwa. Kule ruhusa iko kwenye kanuni ya ardhi au kwa meneja wa duka. Hapa ruhusa iko kwa mtu unayemjua kwa jina. Njoo wiki moja mapema bila vani, panga chumba cha bei ndogo, tembea kwa miguu jioni. Utapata pahali.

DadaUtange

Na maji. Mgeni asipuuze maji. Visima vingi vya huku vina chumvi, vya kuogea na kufulia vinafaa, kunywa hapana. Mfereji una siku zake. Uliza bei ya mtungi wa lita 20 hapo ulipo, wa mkokoteni, na uliza mfereji ukikauka inapanda mpaka ngapi. Kuna sehemu nafuu ya kulaza gari ambayo maji yanakufilisi.

Ngambo_Likoni

Nyongeza: angalia pia bima yako. Kama gari lilikuwa matatu na bado linasomeka hivyo kwenye karatasi, lirekebishe. Ukisimamishwa na polisi huna abiria, una kitanda, maswali ni mengi.

FundiFriji

Hilo nalo ni kweli. Mimi ilinichukua muda kulimaliza na sikulala vizuri mpaka lilipokwisha.

Mgeni_wa_Bara

Asanteni sana. Nimepata namba ya mtu mwenye ua Kiembeni kupitia makanga, kama mlivyosema. Anataka miezi mitatu kwa pamoja, elfu tatu kwa mwezi. Nitume?

FundiFriji

Usitume chochote kwa simu. Mwambie utakuja Jumamosi. Fika saa kumi jioni uone kivuli kinaangukia wapi, kaa mpaka saa nne za usiku usikie mtaa unavyokuwa, muombe ulale usiku mmoja kwa kulipia. Asubuhi lipa mwezi mmoja, mkiandika. Akishikilia miezi mitatu, mwambie utarudi, kisha nipigie. Kiwanja ninachokaa kina nafasi ya gari moja zaidi na nitamuuliza mwenyewe leo jioni.

MzeeMajengo

Na ukija Jumamosi upitie Majengo tukupe kahawa. Mgeni asiingie mji kama mwizi.

Mgeni_wa_Bara

Nakuja, ami. Jumamosi.